Chombo chekundu cha kioo alichokibandika Raiyye: nakijua, na nakwambieni kwa nini hakiuzwi

Assalaam alaykum wakuu.

Naona humu kila mtu ni mkuu, hata watoto wa juzi. Haya, wakuu nyote, hamjambo. Na nyinyi mlioanza kuniandikia shikamoo kabla sijafungua mdomo, marahaba.

Nimekuja kwa jambo moja. Wiki iliyopita Raiyye alibandika hapa picha ya chombo cha maua cha kioo, chekundu, kina maua ya kuchorwa. Akaeleza kuwa kililetwa na dekoreta siku ya harusi yake, chumba kilipopambwa. Harusi imekwisha, dekoreta kaja kachukua vitu vyote, hiki kakiacha. Hajui cha nani. Akauliza kama ni antiki ya kweli na kama kina thamani.

Raiyye ni mke wa mjukuu wangu. Hakujua kuwa nami nimo humu. Sasa kajua.

Nimevaa miwani nikazisoma komenti zote. Kuna aliyesema kimetengenezwa Ulaya kwa ajili ya kuuziwa Waajemi. Kuna aliyesema ni cha India. Kuna mmoja kasema ni plastiki, huyo nimemuombea dua. Na kuna wengi, wengi mno, wamemwambia "uza tu, mwenyewe kashasahau." Wa kununua nao wamemjaa inboksi kama sisimizi kwenye halua.

Basi ngojeni. Chombo kile nakijua tangu miaka ya hamsini. Haya nnayoandika ni kweli. Nilikuwepo, na macho yangu wakati ule hayakuhitaji miwani.

Kwanza chombo chenyewe, maana picha ile haikukitendea haki.

Kimo chake ni kama kutoka kiwiko cha mkono hadi ncha za vidole. Rangi ni nyekundu ya komamanga lililopasuliwa. Mdomo umekunjwakunjwa kama pindo la gauni. Tumboni pana maua meupe na majani ya dhahabu, ukipitisha kidole unayahisi yameinuka. Upande mmoja dhahabu imekwisha kwa kushikwa na watu. Chini kimemeguka padogo, kama punje ya mchele.

Tunakiita chombo cha maua, lakini ua halijawahi kutiwa humo. Kwetu maua ni ya kuvaa na ya kumwaga kitandani. Asumini uichume halafu uizamishe majini, ili iweje? Kazi ya chombo kama kile ilikuwa kukaa kidakani, kiangaliwe.

Vidaka, kwa wasiovijua, ni vile vijishubaka vya ukutani kwenye nyumba za mawe za mjini. Vimepangwa ukuta mzima, kila kimoja na tao lake. Watu waliweka humo vitu vyao vizuri, sahani za kaure, mirashi ya kunyunyizia marashi, mabirika. Mgeni akiingia, macho yanakwenda huko kabla hajakaa.

Sasa kisa.

Mimi ni mtu wa Jambiani. Siku hizi mkisikia Jambiani mnafikiri mwani na wazungu. Wakati ule mwani hatukuujua. Kazi yetu wanawake ilikuwa makumbi. Unayafukia makumbi ya nazi pwani, yanaoza, unayafukua, unayaponda, unasokota kamba. Yananuka. Anayekwambia hayanuki hajayafukua.

Mama yangu alikuwa msokota kamba. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama ubao. Akikupiga kofi unalikumbuka mpaka Idd.

Kijana mmoja wa mjini, Said, alikuwa akija kwetu kununua kamba za duka lao. Watu wa asili ya Kiarabu, duka mjini, shamba Bububu. Akawa anakuja. Akawa anakuja mno. Mama akasema, "Huyu ama anafunga kisiwa kizima kamba, ama ana jambo lake." Alikuwa na jambo lake. Kaniposa.

Mama yake Said, Bi Nunu, alikubali. Aliyechukia ni dada yake Said, Zamzam, kwa sababu alikuwa na shoga yake aliyemtaka awe wifi. Basi siku moja kakaa na wenzake mjini, wanashona, akasema:

"Chumba cha harusi watakipamba na nini watu wa shamba? Kidakani wataweka mafundo ya kamba."

Maneno hayo yalifika Jambiani upesi kuliko gari la shamba. Mama aliyasikia akiwa na kamba mkononi. Akaendelea kusokota. Lakini chakula cha siku ile hakukigusa.

Mimi ningesemwa mimi, ningejibu. Nina mdomo mpaka leo. Lakini kumuona mama yangu hakula kwa sababu ya kazi iliyotulea sote, hilo lilinikaa hapa kifuani.

Harusi ilikuwa ifanywe mjini, Mkunazini, kwa mdogo wake mama, Bi Mize. Yeye alikuwa mshona kofia, anakaa juu kwenye nyumba ya mawe, na chumba chake kikubwa kilikuwa na vidaka ukuta mzima. Desturi yetu bwana harusi ndiye anayeingia kwao bibi harusi, wakakaa fungate humo. Na kabla ya siku yenyewe, wanawake wa upande wa mume wanakuja kukitazama chumba. Wanasema wameleta sanduku la bibi harusi. Sanduku ni kisingizio. Wamekuja kutazama.

Kikionekana kitupu, Zamzam atakuwa na la kusema maisha yake yote. Na mama yangu kila akija kunitazama kwa mume wangu ataingia kichwa chini.

Mama mdogo Mize akaapa. "Vidaka vitajaa. Nikibaki mimi Mize nina roho, vitajaa."

Alichokuwa nacho yeye cha kuweka kidakani ni birika moja.

Hapa nieleze desturi moja, na mnisikilize vizuri, maana kisa chote kimekaa hapa.

Wakati ule hapakuwa na dekoreta wa kukodi. Wala hapakuwa na nyumba nyingi zenye vyombo vya kujaza chumba cha harusi, hata za wenye nacho. Kwa hivyo vyombo vilikuwa vikizunguka. Kila mtaa ulikuwa na mpambaji wake, mwanamke anayejua nani ana nini. Kwetu alikuwa Bi Tatu. Akijua mtaa mzima una sahani gani kuliko wenye sahani. Kila mwenye chombo aliweka alama yake chini, huyu mstari, yule nukta, ili kisipotee.

Na ilikuwa na adabu yake. Anayeazima hasemi harusi ya nani. Anayeazimwa haulizi. Unaambiwa tu, "Kuna chumba kimepungua." Unatoa, ama unasema huna. Kuuliza ni sawa na kumfunulia mtu sufuria lake jikoni ukatazama anapika nini.

Na mgeni akiingia chumbani, hakigeuzi chombo akatazama chini. Hata kama anakijua. Khasa kama anakijua.

Basi Bi Tatu akaingia mitaani. Sahani zikaja, mirashi ikaja, kioo kikubwa kikaja kimebebwa na watu wawili. Hata kitanda cha besera, kile cha nguzo na paa la nguo, kilikuwa cha jirani. Kamba zake zilikuwa zimelegea, mama akazikata zote akakiwamba upya kwa kamba zake mwenyewe alizokuja nazo kutoka Jambiani. Aliwamba asubuhi nzima, peke yake, hakutaka msaada.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani, harusi zinapandana, kila mtu anataka kumaliza kabla ya Ramadhani. Bi Tatu alijaza vidaka vyote ila kimoja. Na hicho kimoja kilikuwa cha kati, kinachotazamana na mlango.

"Hapa ukiweka birika," akasema Bi Tatu, "wataliona birika tu."

Akamtuma shoga yake, Bi Fatuma, ambaye alikuwa na watu wake huko kaskazini ya mji. Fatuma akaondoka na kapu, akarudi na kapu. Ndani mna kanga, ndani ya kanga mna kanga nyengine, ndani yake mna chombo.

Hakusema katoa wapi. Hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilikuwa mwari, nimepakwa liwa uso mzima kama ukuta mpya. Lakini nilikuwepo Bi Tatu alipokiweka kidakani. Wanawake waliokuwa wakibishana juu ya pilau waligeuka wote. Jua la alasiri lilikuwa likiingia dirishani, likakipiga, na ukutani pakaangukia wekundu unaotikisika kama sharubati.

Bi Tatu alikigeuza, upande uliokwisha dhahabu akautazamisha ukutani. Fundi ni fundi.

Mama akainuka kwenye mkeka akakisogelea. Nilimuona akiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Nikamwambia, "Mama, kishike, hakiumi."

Akasema, "Nisije nikakikwaruza."

Nimerudi. Nilikwenda kuepua chungu. Na wewe uliyeandika hapo chini "fupisha bibi", soma polepole ama kalale.

Siku ya kutazamwa ikafika. Wakaja baada ya sala ya alasiri, mabuibui yamejaa ngazi nzima. Mimi mama mkwe hatakiwi kuniona bado, kwa hivyo nimetiwa kwenye kijichumba cha pembeni nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa na tundu. Sikulitoboa mimi, nililikuta.

Bi Nunu alikuwa mwanamke mrefu, mzito, msemaji wa maneno machache. Zamzam alikuwa mzuri, ukweli usemwe. Kavaa gauni la hariri na mdomo wake kaja nao.

Akaanzia kitandani. "Mito mingi hii! Watu wa huko mnalala wangapi kitanda kimoja?"

Wenzake wakacheka ndani ya mitandio.

Akaenda kwenye vidaka vya mwanzo. "Sahani nzuri. Zinafanana na za watu."

Mama mdogo Mize akamjibu, "Sahani zote ni za watu, wifi. Za majini sisi hatujaziona."

Na hapo ndipo Bi Fatuma alipopanda ngazi na sinia la sharubati. Kaingia mlangoni, kamuona Bi Nunu, na bilauri zote sinia zima zikaanza kugongana. Hakuendelea mbele. Kaja moja kwa moja mpaka kwenye pazia langu, alipokuwa kasimama mama mdogo.

"Mize."

"Peleka sharubati."

"Mize, yule ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye chombo! Yule mrefu. Nimekichukua mkononi mwake, Bububu."

Mama mdogo kalikamata pazia. Halafu kasema kwa sauti nyembamba, "Fatuma. Yule ni mama wa bwana harusi."

"Nani kaniambia? Nimeambiwa bwana harusi ni Said wa dukani. Kina Said wa dukani mjini hapa wangapi?"

"Ya Rabbi nichukue."

"Akuchukue wewe, mimi je na sinia hili?"

Nyinyi mnacheka. Mimi nyuma ya pazia liwa ilianza kunipasuka usoni. Vitu vya kuazima watu wanavijua, hakuna aibu. Lakini kumpambia mtu chumba kwa chombo chake mwenyewe, ukamwita aje akistaajabie! Hilo sikupata kulisikia, na sijalisikia tena.

Kukiondoa hakuwezekani. Bi Nunu alikuwa keshaanza kutembea ukutani, kidaka kwa kidaka, polepole, mikono kaifunga mbele.

Zamzam akamtangulia. Akafika cha kati.

Sasa jueni hili. Kwao Bububu chombo kile kilikaa sandukuni, kimefungwa nguo. Kikitolewa Idd kwa Idd, kikawekwa juu ya kabati kwenye chumba kisicho na dirisha. Zamzam kakua nacho na hajapata kukiona hata siku moja kimepigwa na jua.

Akasimama. Akavuta pumzi.

"Ehe! Hiki sasa. Hiki ndicho kitu!"

Akamgeukia mama yake.

"Mama, njoo uone chombo. Siyo kile chako cha sandukuni. Kile mbele ya hiki ni kama ndugu yake aliyeugua homa."

Bi Nunu akaja. Kakitazama. Sikuona uso wake, nilikuwa naona mgongo tu, na mgongo haukusema kitu.

"Kile changu kimechakaa?" akauliza.

"Kimechakaa mama, usinune. Chetu dhahabu yote imekwisha. Hebu tazama dhahabu ya hiki!"

Bi Nunu akanyoosha mkono akakitoa kidakani. Na akafanya lile ambalo mgeni halifanyi. Akakigeuza chini juu.

Mama mdogo alipitisha mkono chini ya pazia akanishika mguu. Alama za kucha zake nilikuwa nazo mpaka siku ya harusi.

Chini ya chombo palikuwa na nukta ya rangi ya kijani, rangi ile ile ya mlango wa nyumba yao ya Bububu. Bi Nunu aliitazama nukta ile kwa muda. Kisha akainua macho, akamtazama Bi Fatuma na sinia lake linalotetemeka. Akamtazama mama mdogo. Halafu akamtazama mama yangu, ambaye alikuwa kakaa mkekani kimya, mikono kaificha ndani ya kanga, na hakujua hata moja la haya yote.

Akamtazama sana.

"Zamzam."

"Naam, mama."

"Kwa hivyo umeridhika na chumba?"

"Kwa chombo hiki? Nimeridhika."

"Sema watu wasikie."

"Nimeridhika jamani! Watu wa Jambiani hawakutuangusha."

"Na yale mafundo ya kamba kidakani, umeyaona?"

Zamzam akababaika. Hakujua kama mama yake anajua. "Sikuyaona."

"Basi ngoja mimi niyatafute."

Akakirudisha chombo mahali pake. Na nilimuona, kwa jicho langu hili, akikizungusha kidogo mpaka upande uliokwisha dhahabu ukatazama ukuta, vile vile kama alivyoukuta.

Halafu akaenda kitandani. Akaondoa mto, akaondoa mwengine, akainua ncha ya godoro. Chini yake kamba mpya tupu, zimebana, rangi ya asali. Akazivuta kwa kidole kama mtu anayejaribu nyuzi za udi wa taarabu.

"Kitanda hiki kakiwamba nani?"

"Mimi," akasema mama yangu.

"Kamba za nani?"

"Zangu."

Wakuu, mwanamke yule mzito alilikunja godoro pembeni, akakaa juu ya kamba tupu, na buibui lake, akadunda. Akadunda tena. Akaanza kucheka. Kicheko kikubwa, cha tumbo, ambacho watu waliomjua miaka walikuwa hawajapata kukisikia.

"Zamzam, njoo ukae. Njoo ukae juu ya mafundo ya kamba!"

Zamzam kaja, kakaa, angefanya nini. Mama yake kadunda, na yeye karuka juu na hariri yake. Chumba kizima kikaangua kicheko, hata yeye Zamzam mwenyewe.

Kisha Bi Nunu akamvuta mama mkono, akamkalisha ubavuni pake. Kitanda kilikuwa karibu na pazia langu, ndiyo maana nilisikia alichomnong'oneza.

"Humu ndani kamba hii peke yake ndiyo haikuazimwa, dada. Na mimi ninajua nnachosema."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka.

"Kitanda changu Bububu kimelegea," akaendelea Bi Nunu kwa sauti ya watu wote, "mgongo wangu umekwisha. Nani wa kuniwambia?"

"Ntakuja," akasema mama.

"Uje kama mama wa mtoto wangu. Kamba tutazivuta pamoja."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilitoa watu barazani nje. Sharubati ikanywewa, iliyobaki, maana nusu Bi Fatuma alikuwa keshaoga nayo.

Siku ile usiku mama alikula sahani mbili.

Harusi yenyewe sitaisimulia, harusi zote ni moja. Vugo la wanawake likapigwa, watu wakala pilau, viatu vikapotea. Ila asubuhi ya kwanza ya fungate, Said kaegemea mto, anatazama kidaka cha kati, kakunja uso.

"Chombo kile," akasema, "kama cha mama."

Nikamwambia, "Kula mkate."

Akala mkate. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwepesi kuishi naye.

Fungate ilipokwisha Bi Tatu akaja na makapu yake. Kila kitu kikarudi kwa mwenyewe, chumba kikabaki na birika. Chombo chekundu nikasema ntakipeleka mwenyewe, maana nnahamia huko huko kwa mume wangu. Nikakifunga kanga mbili kama kilivyokuja. Mama mdogo Mize akafuatana nami. Njia nzima alikuwa akijifunza maneno ya kuomba radhi, kuna mahali alisema kwa sauti dereva akageuka.

Tukafika Bububu, mlango wa kijani. Bi Nunu kakaa ndani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kwako. Umebeba nini?"

"Chombo chako, mama."

"Chombo changu kipi?"

Nikakifungua. Akakitazama kama hajapata kukiona.

"Mimi chombo changu nilimuazima mtu wa harusi," akasema. "Harusi ya nani sikuuliza. Na wewe usiniambie, utanivunjia desturi."

"Lakini Bi Nunu," akaanza mama mdogo na maneno yake aliyoyahifadhi.

"Mize, kaa unywe kahawa."

Tukakaa. Na hapo, huku anachambua mchele, akatuambia.

Harusi yake yeye, alipokuwa msichana, chumba chake nacho kilipungua. Mpambaji wa wakati huo kaleta chombo chekundu, haijulikani kutoka wapi. Fungate ikaisha, mpambaji kachukua vyote, kile kakiacha. Kamuuliza, na hiki? Kaambiwa, mwenyewe hajasema kitu, akija utampa.

"Nikangoja," akasema Bi Nunu. "Kila mlango ukigongwa nasema huyo mwenye chombo. Nikazaa, nikangoja. Nukta ile ya kijani niliitia mimi, nikiazimisha kirudi hapa, mwenyewe akija asikikose. Hajaja. Mtoto kakua, kaoa. Sasa mimi nimechoka kungoja."

Akanirudishia mikononi, na kanga zake mbili.

"Ngoja wewe. Akija, mpe."

Zamzam alikuwa kasimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Kamtazama mama yake, kakitazama chombo, kaitazama nukta, kautazama mlango.

"Mama. Hiki ndicho kile?"

"Kile kipi?"

"Kile... kilichougua homa?"

Hatukunywa kahawa tena siku ile. Tulicheka mpaka Zamzam kakaa kizingitini kajishika mbavu. Kuanzia hapo alikuwa shoga yangu, na nilipomzika nililia kuliko nduguze. Binti yake alipoolewa, mtu alikuja kwangu kusema kuna chumba kimepungua. Nikatoa, sikuuliza. Kilirudi salama.

Tangu hapo chombo kile kimehudhuria harusi nyingi kuliko kadhi. Kimekwenda Jambiani, kimekwenda Kiwengwa, kimepanda ngazi za mjini sijui mara ngapi. Kumeguka kulikotokea chini, kilirudi nako kutoka harusi moja. Ya nani? Sikuuliza. Na watu wa harusi ile wako humu humu nnawaona, watulie.

Kwa hivyo nyinyi mnaosema "mwenyewe kashasahau", sikilizeni. Kuna kusahau, na kuna kuacha. Kuna mwanamke sisi hatumjui jina aliyekiacha kwa msichana asiyemjua, ili siku moja katika umri wake asionekane pungufu mbele ya watu. Hicho ndicho mnachotaka kukipigia bei?

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukiwa na kitu kizuri, kitoe sandukuni kipigwe jua. Ukiombwa, toa, usiulize chumba cha nani, kwani huenda ni cha mwanao. Na ukikiona kitu chako kwa mwenzio kimemkaa vizuri, kirudishe kidakani, upande mbovu uelekee ukutani.

Haya, nimemaliza, semeni nyinyi sasa. Chumba chako cha harusi kilikuwa na nini cha watu? Na ulikirudisha? Wa plastiki asiandike.

Raiyye, mwanangu, najua unasoma. Uliuliza chombo ni cha nani. Mwezi ule wa harusi yako dekoreta alikuja kwangu akasema kuna chumba kimepungua. Nikampa, sikumuuliza. Kwa hivyo mimi sijui kama ndicho hicho, na wewe usiniambie.

Kifute vumbi, kiweke dirishani.

Akija mwenyewe, mpe.